Maswali ya wasomaji: Nina miaka 16, mahakama inaweza kunitangaza mtu mzima?

Meseji za mwezi huu karibu zote zinazunguka umri, nani bado mtoto na nani ameshakuwa mtu mzima, sijui ndo mambo ya likizo watu mmekaa nyumbani mnafikiria sana, basi nimeziweka sehemu moja. Majina nimeyatoa kama kawaida yetu, na zile ndefu nimezipunguza kidogo.

Shikamoo Anti. Mi niko form three hapa Moshi, nina miaka 16, nakaa Pasua kwa baba mdogo. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, mama yuko Singida ameolewa kwingine. Baba aliacha nyumba ya kupangisha Majengo na kihamba cha kahawa Kibosho. Kodi yote anachukua baba mdogo, mi hata hela ya pedi namwomba mpaka nalia na ananijibu hela imeisha. Wikiendi nasuka nywele napata vihela. Nimeona TikTok kuna watoto Marekani wanaenda mahakamani, hakimu anawapa karatasi wanakuwa watu wazima, hawako tena chini ya mzazi. Na mi naweza? Nataka nipange chumba changu na kodi ya nyumba ya baba nichukue mwenyewe.

Marahaba mwanangu. Nimesoma meseji yako mara kadhaa na nikwambie ukweli moja kwa moja, iyo karatasi huku kwetu haipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 4, inasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hakuna kifungu kinachompa hakimu wa Moshi wala wa Dar uwezo wa kumkuta msichana wa miaka 16 akamgongea muhuri wa utu uzima, hata awe anajitegemea kiasi gani.

Ulichokiona TikTok ni kweli kipo ila sio rahisi ivo wanavyokionyesha. Marekani kila jimbo lina sheria yake, California kwa mfano unaweza kuomba kuanzia miaka 14, lakini lazima uwe tayari unaishi mbali na wazazi kwa ridhaa yao na hela yako unaisimamia mwenyewe, na hiyo hela iwe ya halali. Ukishapewa bado kura hupigi mpaka 18 na pombe hununui mpaka 21. Tena wao wenyewe hawajakubaliana mtu mzima ni wa miaka mingapi, majimbo mengi ni 18, Alabama na Nebraska ni 19, Mississippi ni 21. Ufaransa wana utaratibu wao kuanzia miaka 16, unapita kwa jaji, na kwa kawaida mzazi ndo anaomba, sio mtoto. Kwaiyo hata huko sio mlango unaousukuma tu ukaingia.

Kuna kesi moja ya huko nataka uijue kwa sababu inafanana na ya kwako. Dominique Moceanu, mcheza jimnastiki, alichukua medali ya dhahabu na timu ya Marekani kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 akiwa na miaka 14. Mwaka 1998, ana miaka 17, alienda mahakamani Houston kuomba atambuliwe kama mtu mzima, na ugomvi mkubwa ulikuwa hela zake alizochuma, alikuwa anadai wazazi ndo wanazishika na yeye haelewi zimeenda wapi. Mahakama ikamkubalia. Sasa angalia vizuri apo, yule binti alihitaji iyo karatasi ili aingize mkono kwenye mali. We ya kwako huihitaji, na apa ndo nataka unisikilize, maana nahisi umekimbilia dawa ya ugonjwa usiokuwa wako.

Ile nyumba ya Majengo na kile kihamba ni mirathi ya babaako. Baba mdogo hachukui kodi kwa sababu we ni mtoto, anachukua kwa sababu hakuna mtu aliyemuuliza. Swali la kwanza kabisa ni ili: je, kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Baada ya msiba lazima kulikuwa na kikao cha ukoo, na huenda waliandika muhtasari wakaupeleka mahakama ya mwanzo na baba mdogo akateuliwa. Kama aliteuliwa, basi ana kazi, sio cheo. Msimamizi wa mahakama ya mwanzo anatakiwa ndani ya miezi 4 awe amepeleka orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, kuna fomu namba 5 kwa kazi iyo, alafu baada ya apo analeta hesabu ya alichokusanya na alichogawa kila mahakama inapomtaka. Akiteuliwa mahakama za juu, orodha ni miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Asipofanya, au akifanya uongo, warithi wanaweza kuomba aondolewe awekwe mwingine, na we ni mrithi hata kama una miaka 16, hata kama ungekuwa na miezi 6.

Na kama hajawahi kuteuliwa, yani alijichukulia tu kwa sababu ni mdogo wa marehemu (huku Uchagani tunajua ivi vitu vinaendaje, mtu anahamia kihambani na mbuzi wake kabla ya arobaini), basi anakusanya kodi ya nyumba isiyo yake bila ruhusa ya mtu yeyote, na hali yake ni mbaya zaidi.

Kitu ambacho huwezi ni kufungua shauri peke yako kwa jina lako, lazima mtu mzima asimame kwa niaba yako. Anaweza kuwa mama, na apa mwanangu nakushauri umpigie mama Singida hata kama kuna maneno kati yenu, kuolewa kwake kwingine hakujamfuta kuwa mamaako. Kama kwa mama haiwezekani basi shangazi, au mama mkubwa, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kuhusu mali, Sheria ya Mtoto kifungu cha 10 inakataza mtu kumnyima mtoto kufaidika na mali ya mzazi wake, kwaiyo huendi pale kuomba huruma.

Alafu kuna matunzo. Anayekulea anawajibika kwa chakula, mavazi, matibabu, shule na malazi, na ombi la matunzo linaweza kuletwa na mzazi, ndugu, ofisa ustawi, au wewe mwenyewe kupitia mtu mzima. Ila kuna kitu wengi hawakijui, na ndo maana nakuzuia usikimbilie kujitegemea: amri ya matunzo inaweza kukoma hata kabla ya miaka 18 kama mtoto ameshapata ajira ya kumwingizia kipato. Sisemi vihela vya kusuka ni ajira, hapana, iyo ni hela yako ya pedi na daftari na asikutishe nayo mtu. Nasema tu usiende kwa ofisa ukajitapa kwamba unajitosheleza kwa kila kitu, maana TikTok imekufundisha kwamba hakimu anataka kusikia ivo na huku ni kinyume chake. Huku utoto wako ndo silaha yako, ukiutupa utabaki kubembeleza.

Chumba chako je? Mwenye nyumba akikupangisha una miaka 16, mkataba wenu hauna nguvu kisheria, anaweza kukutoa muda wowote na we huna pa kushika. Kama kwa baba mdogo kuna kupigwa au kuna mtu anakusumbua usiku, hujaandika ila nauliza kwa sababu lazima niulize, basi usisubiri mirathi wala nini, piga 116, ni bure, ni namba ya kusaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Mtoto anaweza kuhamishiwa kwa ndugu mwingine au kwa walezi wa kambo (yani familia nyingine inayokubaliwa kumlea), kwa hiyo hulazimiki kuchagua kati ya pale na chumba cha peke yako.

Pa kuanzia ni wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na sheria tangu 2017 na huduma yao haina malipo, uliza ofisi ya kata au ustawi wa jamii watakuelekeza. Beba cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha baba, na majina ya wapangaji na kodi wanayolipa. Andika taratibu, kwenye daftari la shule, mtu asijue. Na muda usikutishe, kwa kawaida ukomo wa kufungua madai hauanzi kuhesabika kwa aliye mtoto mpaka afikishe 18, ila nyumba inaweza kuuzwa kesho kwaiyo usilale.

Anti mi nipo Sombetini Arusha, nina pikipiki nimempa dogo mmoja kwa mkataba, analeta hesabu elfu kumi kila siku mpaka iwe yake. Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, amesaini na mashahidi wapo. Wiki tatu haleti hesabu, nimemfuatilia nakuta kumbe ana miaka 17. Nimpeleke wapi?

Wewe ndo wa kupelekwa kaka. Mtu chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba, Sheria ya Mikataba kifungu cha 11, na makubaliano naye ni batili, yani kama hayakuwahi kuwepo, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauyafufui. Sheria yetu ya mikataba imetokana na ya India ya 1872, na huko kuna kesi maarufu ya mwaka 1903, Mohori Bibee na Dharmodas Ghose, ambayo wanafunzi wa sheria wanaikariri mpaka leo. Kijana wa Calcutta aliweka rehani nyumba zake kwa mkopesha hela, wakala wa mkopeshaji alikuwa ameshaambiwa kwamba kijana hajafikisha umri lakini tamaa ikamzidi, na kesi ilipofika baraza la juu kabisa Uingereza wakasema rehani ni bure na hela haidaiki. Mkopeshaji akala hasara.

Isipokuwa we una nafuu moja, pikipiki kadi yake ina jina lako, ni mali yako, ichukue. Hesabu za wiki tatu zisahau. Hela aliyokwisha kukuletea nayo usianze kuipigia kelele, maana na yeye mzazi wake anaweza kuja na swali la kwa nini ulimkabidhi mtoto pikipiki kutwa kucha barabara ya Sokoine, na kama leseni hana, siku akigonga mtu bima itakugeuka na msala wote utabaki kwako. Sasa kabla hujampa mwingine mwambie akuonyeshe kitambulisho cha NIDA na leseni, ni dakika moja tu jamani.

Mi nina 17, nauza viatu vya mtumba online hapa Ngarenaro, nataka laini yangu yenye jina langu na lipa namba. Wananizungusha.

Hawakuzungushi mdogo wangu, kitambulisho cha taifa kinaanzia miaka 18, na laini ya aliye chini ya apo inasajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Mwambie mama asajili, ukifikisha umri mtabadilisha. Usije ukasajili kwa kitambulisho cha mshkaji wa kijiweni, siku mkigombana anaenda kuirudisha laini na salio lako lote linaondoka naye, nimeshasoma meseji za ivo nyingi sana. Pasi ya kusafiria nayo mpaka mzazi aridhie. Kura ndo kabisa, Katiba ibara ya 5 inasema 18.

Naandika kutoka Ngaramtoni. Kijana wangu ana miaka 15, ametoka jandoni mwaka jana. Baba yake na wazee wanasema sasa ni morani, sio layoni (asiyetahiriwa) tena, hakuna wa kumrudisha shule, wanataka aende Mirerani kwa mjomba wake anayefanya kazi mgodini. Mimi kama mama nina sauti gani?

Pole mama, na hongera kwa kijana kutoka salama. Kwanza nisikuletee vita na wazee, jando lina heshima yake na kijana ana haki ya kujiona amepanda daraja, kwenye boma wampe nafasi yake na maneno yake yasikilizwe. Ila sheria ya nchi haiulizi mtu ametahiriwa lini, inauliza amezaliwa lini. Miaka 15 ni mtoto, basi.

Na mgodi ndo kabisa. Ajira inaanzia miaka 14, lakini kwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumharibia shule, na Sheria ya Ajira ya 2004 imetaja mgodi kwa jina kwamba aliye chini ya miaka 18 haajiriwi humo. Wazee wanajua kwa nini. Kila mtu wa Arusha anajua habari za wale watoto walioitwa nyoka, wanaingizwa kwenye matundu membamba ya tanzanite ambako wanaapolo (wachimbaji) watu wazima hawapiti, na mwili mdogo ndo ulikuwa sifa ya kazi. Sasaivi kuna ukuta tangu 2018 na ukaguzi getini, lakini mjomba akiamua kumpitisha atasema ana 19, na kijana wa jandoni mwenye sauti nzito nani atabishana naye.

Sauti yako ipo na ni kubwa kuliko unavyodhani. Mzazi ni baba na mama, wote wawili, na mwananchi yeyote akiona haki ya mtoto inavunjwa anatakiwa kutoa taarifa serikali za mitaa, sasa we mama unashindwaje. Lakini ningekuwa wewe ningeanza na laigwanani, kiongozi wenu wa mila, kabla ya ofisa mtendaji. Siku hizi wapo wazee wengi wenye wajukuu chuo kikuu, mtafute mmoja wa ivo aongee na baba watoto wakiwa wawili tu, kwa sababu amri ya mtendaji itamrudisha shule wiki mbili alafu baba atanuna mwaka mzima, wakati neno la mzee mwenzake linaweza kumaliza kazi. Mtendaji awe wa pili. Na cheti cha kuzaliwa kifiche wewe, utanielewa siku watakapoanza kubishana kuhusu miaka.

Mpwa wangu wa Rau ana miaka 15, kaletewa posa. Dada yangu anasema sheria inaruhusu, eti msichana 15 ni sawa. Ni kweli?

Dadaako anasoma sheria ya mwaka 1971 kama vile hakuna kilichotokea baadae. Ni kweli Sheria ya Ndoa iliandika mvulana 18 na msichana 15 kwa ridhaa ya mzazi, ila Rebeca Gyumi aliipeleka serikali Mahakama Kuu na mwaka 2016 ikaamuliwa vile vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe iwe 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Kama binti ni mwanafunzi mambo yanakuwa moto zaidi, kuoa mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30 tangu yale marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, na anayesaidia kumwozesha naye ana kosa lake. Mshenga mwambie arudishe mbege yake. Na nyie msifikirie kwamba ndoa ndo itamfanya mtu mzima mapema, atabaki mtoto wa miaka 15 mwenye mume.

Mwanangu akifanya kosa akiwa na miaka 16 anafungwa gerezani?

Hapana, Sheria ya Mtoto inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani. Chini ya miaka 10 hata kushtakiwa hashtakiwi, kati ya 10 na 12 mpaka ithibitishwe alijua anachokifanya. Wa 16 anashtakiwa mahakama ya watoto, wakati kesi inaendelea anaweza kuwekwa mahabusu ya watoto, Arusha ipo na Moshi ipo, na kwa makosa makubwa kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya. Ukisikia amewekwa selo na watu wazima fika siku ileile na cheti cha kuzaliwa mkononi.

Anti mi ni baba, tuliachana na mzazi mwenzangu, mahakama iliniamuru nilipe matunzo kila mwezi. Binti ametimiza 18 mwezi uliopita, yuko form five bweni. Nimeshamaliza si ndiyo?

Umeuliza kama mtu anayehesabu siku za kutoka jela bana. Ni kweli amri ya matunzo kwa kawaida inakoma mtoto akifika 18. Ila kifungu cha 47 cha Sheria ya Mtoto kinaipa mahakama uwezo wa kuiendeleza kama mtoto bado yuko masomoni au mafunzoni, na form five ni masomo. Mamaake, au binti mwenyewe maana sasa ni mtu mzima anaweza kwenda kwa miguu yake, wakiomba, una nafasi kubwa ya kuambiwa endelea. Na kama una miezi ya nyuma hujalipa, iyo haikufutwa na keki ya birthday, bado unadaiwa.

Ushauri wangu usiache kimya kimya, ukiacha ivo wataenda wao na utaonekana mkorofi. Nenda mwenyewe ukae na mamaake, mkubaliane we ulipe ada na nauli ya bweni moja kwa moja badala ya hela ya mkononi, mkipatana mpeleke mahakama ileile ibadilishe amri kwa maandishi. Na ada ya muhula huu ilipe kwanza kabla ya kwenda, ukifika pale na risiti mazungumzo yanakuwa mafupi.